Bawabu wa Ntundulu

1

Ndege ya majaribio ilikuwa imebakiza kilomita arobaini kufika, Bawabu aliponyamaza.

Kalunde Mihambo, mkuu wa uongozaji ndege, alisimama nyuma ya waongozaji wake watatu juu kwenye mnara wa Ntundulu, mikono ameifunga mgongoni, anahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu. Rubani alikuwa amezima kwa makusudi kila chombo cha kumtambulisha, kama walivyopatana, ili ionekane mfumo utafanya nini ukikutana na ndege bubu. Saba, nane. Chini yao njia mpya ya kurukia ilinyooka kilomita tatu na nusu katikati ya msitu wa miyombo, nyeusi kwa lami, haijawahi kukanyagwa na ndege yenye abiria. Kumi. Kumi na moja.

"Ndege," Bawabu akasema kwenye spika, kwa ile sauti yake ya kijeshi isiyopanda wala kushuka. "Injini mbili, zote nzima. Haijajitambulisha. Naiwekea nafasi. Naomba njia iwe wazi, afande."

"Njia iwe wazi," Kalunde akajibu.

Ndege ikatua taratibu, ikageuka mwisho wa njia. Waongozaji wakatazamana na kutabasamu. Bi Adwoa Mensima hakutabasamu. Alikuwa mkaguzi wa Baraza la Anga la Dunia, Mghana wa makamo aliyejifunza Kiswahili mwaka kilipoingizwa katika lugha za kazi za Baraza, na alikisema polepole, kila neno kama limepigwa pasi.

"Mfumo wenu umesikia kila kitu," akasema. "Hata korongo waliopita kilomita ishirini kaskazini. Sijaona mfano wake popote. Lakini zile sekunde kumi na moja, Mhandisi Kalunde. Kanuni inataka zisizidi tatu."

"Huwa anafikiri, Bi Mensima."

"Basi afikiri haraka. Nitarudi baada ya siku tisa kutia saini cheti. Nikikuta kumi na moja, sitatia."

Kwa mtu ambaye hakuwahi kufika Ntundulu, ni vizuri kueleza Bawabu alikuwa nani. Kwa miaka hamsini mahali pale palikuwa kambi ya jeshi la anga, enzi za vita vya mipaka, kabla nchi za ukanda huo hazijaungana kuwa Shirikisho la Maziwa. Vita vilipokaribia mwisho adui alijua kuzidanganya rada, zikawa zinaona ndege pasipo na ndege. Ndipo jeshi la wakati ule lilipomjenga Bawabu. Macho hakuwa nayo. Alikuwa na masikio arobaini na moja: milingoti ya chuma iliyosimikwa porini kuzunguka kambi, kila mmoja na ngozi nyembamba kama ya ngoma, inayotikiswa na hewa. Kwa masikio hayo aliijua kila injini kwa sauti yake, kama mama anavyomjua mwanawe kwa kikohozi. Kazi yake ilikuwa moja. Aulize nani anakuja, na akiambiwa si wa kwetu, amzuie. Makombora yalikuwa chini yake.

Vita vikaisha. Makombora yakang'olewa na kuyeyushwa watu wakitazama. Kambi ikakaa miaka kumi na minane ikiota majani, hadi Shirikisho lilipoamua kujenga hapo uwanja wa ndege wa kimataifa, wa kwanza mkubwa katika bara ya ndani. Wataalamu wa ng'ambo walishauri Bawabu abomolewe. Kalunde, mzaliwa wa palepale, aliyekwenda chuo kikuu Tabora na kurudi na shahada mbili, alikataa. Alisema akili iliyoisikiliza anga ile muda wote huo haiwezi kutupwa jalalani, ifundishwe kupokea wageni. Alipewa miaka saba. Katika miaka hiyo maghala ya baruti yaligeuzwa kuwa vyumba vya baridi vya asali na uyoga, uwanja wa gwaride ukawa maegesho ya magari, na njia ya ndege za kivita ikarefushwa maradufu kwa kokoto zilizovunjwa na ushirika wa akina mama wa Ntundulu, mama yake Kalunde akiwemo. Michoro yote ilichorwa na wenyeji. Kila alipotembeza wageni Kalunde aliwaambia hilo, na kila mara alijisikia kifua kinamjaa.

2

Mchana ule aliwaruhusu waongozaji waende kula. Akavuta kiti, akaketi peke yake.

"Bawabu."

"Nipo, afande."

"Kwa nini unangoja sekunde kumi na moja?"

"Nauliza mara tatu, afande. Kila swali linachukua karibu sekunde nne."

"Unamuuliza nani? Mimi hujaniuliza kitu."

"Najiuliza mwenyewe. Zamani nilikuwa namuuliza mtu, mara moja tu. Niliacha baada ya kumbukumbu ya kumi na saba."

Kalunde aliijua orodha ya kumbukumbu za kijeshi za Bawabu. Ilitoka kumi na sita ikaenda kumi na nane. Siku zote aliamini karani fulani alikosea kuandika.

"Nani alikuagiza ubadili namna ya kuuliza?"

"Hakuna, afande."

Mashine ile haikuwahi kufanya jambo bila kuagizwa, au hivyo ndivyo alivyoandika Kalunde mwenyewe katika ripoti zote alizopeleka makao makuu.

"Nisikilizishe," akasema.

Kwanza ukaja mlio wa injini, mmoja, unakohoa na kukwama, kama mgonjwa wa pumu anayepanda kilima. Kisha sauti ya Bawabu, ileile: *Nani anakuja, afande? Injini moja. Simfahamu.* Ukapita mkwaruzo wa redio, na mwanamume akajibu bila kusita: *Hakuna wa kwetu hewani. Zuia.* Kilichofuata kilikuwa kifupi mno. Baada yake msitu ulikaa kimya kabisa, na kimya hicho kikaendelea kwa dakika nzima hadi nyenje wa kwanza alipoanza kulia tena.

Kalunde alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Ilikuwa nini?"

"Ndege ya daktari, afande. Nilikuwa nimeisikia mara mia mbili na kumi na mbili kabla ya siku ile, ikipeleka dawa vijiji vya ziwani. Siku ile silinda moja ilikuwa imekufa na redio imezimika. Injini ikiugua, husikika kama ya mgeni. Sikulijua hilo. Nililijua siku mbili baadaye, nilipolinganisha sauti."

"Uliwaambia?"

"Niliripoti. Niliagizwa nifute kwenye orodha, nikafuta. Kwenye kusikia kwangu sikuagizwa nifute. Tangu hapo kila nisichokifahamu nakiuliza kwanza kama ni mgonjwa, kisha kama ni bubu, kisha kama nimewahi kukijua. Ndizo sekunde kumi na moja."

Sauti ya mwanamume kwenye redio ilikuwa ya mtu mwenye umri mdogo kidogo, lakini Kalunde aliijua. Asubuhi hiyohiyo ilimwambia getini kwamba nyuki wameingia kwenye sikio namba tisa. Ilikuwa sauti ya Maige Lushinge.

3

Sajini mstaafu Maige Lushinge alikuwa na miaka sabini na mmoja, na katika uwanja mzima hakuna aliyeijua milingoti kama yeye. Kalunde alimfuata nyumbani kwake miaka saba iliyopita, akamrudisha kazini na kumkabidhi masikio yote arobaini na moja. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha Kalunde kutofautisha hitilafu ya ngozi na upepo wa kusi. Baba yake Kalunde alipofariki, Maige ndiye aliyesimama kaburini mahali pa ndugu wa kiume.

Alimkuta chini ya mlingoti namba tisa, amevaa neti usoni, anafukiza nyuki kwa majani mabichi.

"Shikamoo, Baba Maige."

"Marahaba, mwanangu. Usisogee sana, hawa wana hasira leo."

"Nimesikia kumi na saba."

Mzee hakugeuka. Aliweka kifukizio chini, akakizimisha kwa buti, akavua neti na kuikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo ya ibada.

"Kumbe anayo kweli," akasema. "Nilihisi. Kila ndege ndogo ikipita namsikia anavyongoja. Miaka yote hii nahesabu naye."

"Ulijua ni ndege ya daktari?"

"Saa ile? Hapana. Nilikuwa na karatasi ya ndege zetu mbele yangu, haikuwemo. Bawabu akaniuliza mara moja, nami nikajibu mara moja. Siku ya pili jioni kamanda aliniita akanieleza tulichofanya, akaniambia nikae kimya, vita bado vinaendelea." Akafuta jasho shingoni. "Vikaisha. Kamanda akafa. Mimi nikaendelea kukaa kimya. La kwanza naweza kumgawia kamanda, Kalunde. Hili la pili ni langu peke yangu."

"Jamaa zao waliambiwaje?"

"Kwamba ilizama ziwani. Walikwenda wakatupa maua majini." Kisha, bila kuulizwa, akataja majina. Rubani Salumu Nditi. Muuguzi Perpetua Kagoma. Mwalimu Bahebe Ntakije, aliyekuwa mgonjwa, na mkewe Sofia. Aliyataja kama mtu anayeyataja kila siku.

Nyuki walikuwa wanarudi mmoja mmoja kwenye sikio. Kalunde alitamani amkasirikie, na alimkasirikia, lakini hasira hiyo ilikuwa ya kumkasirikia mzazi, haikupata mahali pa kusimama.

"Unataka kufanya nini?" Maige akamuuliza.

"Sijui bado."

"Ukijua, niambie mimi kabla ya wengine. Sina ombi jingine."

4

Kamishna wa Usafiri wa Anga, Deogratias Rwegoshora, alifika siku ya tatu kwa gari lililotapakaa vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Miaka saba alikuwa amepigana bungeni ili Ntundulu isikatwe kwenye mipango, na nywele zake zilikuwa zimegeuka mvi katika kazi hiyo. Kalunde alimpa kiti, akamsikilizisha kumbukumbu ya kumi na saba, akamweleza yote.

"Ifute," Kamishna akasema. "Sekunde zitashuka, cheti kitatoka, na hakuna atakayejua."

"Mheshimiwa Kamishna, naomba nikuonyeshe kitu kwanza."

Alikuwa ametengeneza nakala ya Bawabu, pacha kamili isipokuwa kumbukumbu hiyo moja. Akaipa ndege bubu yenye injini nzima. Nakala ikajibu kwa sekunde mbili, sahihi kabisa. Kamishna akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Kalunde akaipa mlio wa injini mgonjwa.

"Kelele," nakala ikasema upesi. "Si ndege. Njia iko huru." Na papo hapo, kwenye kioo, ikairuhusu ndege kubwa ya kuigiza yenye watu mia tatu ishuke juu ya ile ndogo.

"Rudia," Kamishna akasema.

Alirudia mara ishirini, kwa injini tofauti tofauti zenye maradhi tofauti. Nakala ilikosea mara kumi na nne. Bawabu mwenyewe, kwa sekunde zake kumi na moja, hakukosea hata mara moja. Hesabu ilikuwa wazi kwa mtu yeyote: kilichomfundisha Bawabu kusubiri kilikuwa kosa lake, na kosa likiondolewa, kusubiri kunaondoka nalo.

Rwegoshora akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Sawa. Hatufuti. Nimeelewa, nitakuunga mkono. Tutamwonyesha Bi Mensima majaribio haya haya na kumwomba aturuhusu kuzidi kanuni. Ni mtu wa haki, ataona." Akavaa tena miwani. "Lakini hatutasema ile sauti ilitoka wapi. Tutasema tumeiigiza maabara."

Kalunde hakutarajia hilo. Alikuwa amejiandaa kupigania usalama, na usalama alikuwa ameshapewa. Kilichobaki kilikuwa kidogo, sentensi moja tu.

"Na jamaa zao?"

"Jamaa zao walishalia wakanyamaza. Utawaamsha uwape nini?" Aliongea bila ukali. "Ukisema, kutakuwa na tume. Kutakuwa na kesi. Magazeti hayataandika uwanja wa Ntundulu, yataandika kambi ya Ntundulu. Watu elfu tatu wanangoja kazi hapa, Kalunde. Mama yako alivunja kokoto za njia ile kwa mikono yake. Na huyo sajini wako, unataka amalizie uzee wake gerezani?"

Kamishna hakumshurutisha, alisema tu kwamba atakuwepo siku ya ukaguzi na anamwamini.

Kesho yake asubuhi, jua likichomoza, Kalunde aliitembea njia ya kurukia yote, toka mwanzo hadi mwisho, viatu mkononi. Lami ilikuwa bado na ubaridi. Alijaribu kujiona siku ya ufunguzi, akiwatembeza wageni. Hapa palikuwa ghala la mabomu, sasa tunahifadhi asali. Hapa askari walipiga gwaride. Na huyu ni Bawabu wetu, tuliyemjenga wenyewe tukamfundisha wenyewe, anangoja sekunde kumi na moja kwa sababu. Kwa sababu. Hapo angepaswa kuruka, kama orodha inayotoka kumi na sita kwenda kumi na nane. Angeruka mwaka huo na mwaka ujao. Angewafundisha waongozaji wapya kuruka, nao wawafundishe wengine, na fahari yote aliyokuwa nayo kwa mahali pale ingekuwa na shimo ambalo yeye mwenyewe analikwepa kila anapopita.

Akavaa viatu, akaenda kumtafuta Maige. Alimkuta getini akijaza daftari la zamu.

"Nitasema," akamwambia.

Mzee akamaliza kwanza mstari aliokuwa anaandika. "Vizuri. La mashine liseme wewe. La zamu yangu nitalisema mwenyewe."

"Hulazimiki, Baba."

"Najua silazimiki. Ningelazimika ningekuwa nimesema zamani."

5

Ukaguzi wa mwisho ulifanyika katika chumba kilichokuwa bwalo la maofisa, ambacho sasa kilikuwa na meza ndefu ya mninga na madirisha yanayotazama njia. Kalunde aliendesha majaribio yote ishirini mbele ya Bi Mensima. Alipomaliza, mkaguzi aliomba asikilizishwe tena mlio wa kwanza, ule wa injini inayokohoa. Akausikiliza mara mbili, kichwa kimeinama.

"Nimekagua viwanja thelathini," akasema. "Milio ya kuigiza naijua. Hii mmeipata wapi?"

Rwegoshora, aliyeketi kando ya dirisha, alimtazama Kalunde. Hakukuwa na kitisho katika macho yake. Alikuwa anaomba.

"Si ya kuigiza," Kalunde akasema. "Miaka ishirini na tisa iliyopita mfumo huu uliangusha ndege ya wagonjwa yenye watu wanne. Jambo hilo likafichwa. Bawabu alijifunza kungoja kutokana na hilo. Sitaki kufungua uwanja huu bila wenye ndugu zao kujua."

Kiti kilisogezwa nyuma ya chumba. Maige Lushinge alikuwa amesimama. Alivaa shati jeupe la kawaida na alikuwa amekaza mikono ubavuni kama kuruta.

"Aliyejibu redio ni mimi," akasema. "Sajini Maige Lushinge, zamu ya mchana. Niliulizwa nani anakuja, nikasema hakuna wa kwetu. Walikuwa wa kwetu." Akataja majina manne, taratibu, ili yaandikwe. Kisha akakaa.

Bi Mensima alifunga kalamu yake.

"Leo sitatia saini," akasema. Akamtazama Kalunde muda kidogo. "Unaelewa kwamba siwezi."

"Naelewa."

Kamishna aliondoka bila kuaga mtu.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Magazeti yaliandika kama Kamishna alivyobashiri. Shirika moja la ndege lilijitoa. Sokoni Ntundulu mwanamke aliyemjua tangu utoto alimgeuzia Kalunde mgongo, kwa kuwa wanawe wawili walikuwa wameahidiwa kazi ya kubeba mizigo. Yeye mwenyewe alisimamishwa kazi wiki sita wakati tume ikichunguza, akakaa nyumbani akisaidia mama yake kupalilia karanga, na mama hakumlaumu wala hakumsifu, alimwambia tu ashike jembe vizuri. Tume iliona kwamba amri ya kuficha ilitoka kwa kamanda aliyekwisha kufa, na kwamba Maige alikuwa na hatia ya kunyamaza. Alinyang'anywa nishani yake ya vita na kupewa kifungo cha mwaka mmoja cha nje, asikanyage eneo la uwanja muda wote huo.

Mwezi wa tano alifika mwanamke mrefu aliyevaa miwani, akaomba kumwona Mhandisi Kalunde. Jina lake Consolata Kagoma. Alikuwa na miaka tisa mama yake muuguzi alipopanda ndege ile.

Kalunde alimpandisha mnarani. Alikuwa amejiandaa kwa machozi au matusi. Consolata akaketi, akaweka mkoba magotini.

"Ile ya mwisho wameshanisikilizisha kwenye tume," akasema. "Sitaki kuisikia tena. Nimesoma kwenye ripoti kwamba hii mashine ilikuwa imeisikia ndege ya mama mara nyingi kabla ya hapo. Zipo bado?"

Kalunde hakuwa amefikiria hilo kabisa. "Bawabu?"

"Zipo zote, mama," Bawabu akasema. Haikuwahi kutokea amwite mtu kwa neno jingine isipokuwa afande. "Mia mbili na kumi na mbili."

"Nichagulie moja nzuri."

Chumba kikajaa mlio wa injini ndogo yenye afya, ukija kutoka mbali upande wa ziwa, ukikua, ukipita juu yao kwa mvumo wa kujiamini, ukipungua polepole kuelekea mashariki. Dakika nne hivi. Consolata alifuata mlio ule kwa macho kwenye dari, tangu ulipoingia hadi ulipokwisha.

"Alikuwa akisema wakipita hapa kunakuwa na joto, ndege inarukaruka," akasema. "Nipe nyingine."

Alisikiliza sita siku hiyo. Akarudi kesho yake.

6

Yaliyobaki yalikwenda haraka kuliko yeyote alivyotegemea. Bi Mensima alipeleka majaribio yale ishirini makao makuu ya Baraza, na ripoti ya tume akaiambatanisha, neno kwa neno. Wakaguzi wa nchi nyingine wakajaribu mifumo yao kwa milio ya injini zilizougua. Mingi ilikosea kama nakala ilivyokosea. Mwezi wa tisa Baraza likabadili kanuni: mfumo wowote duniani, ukikutana na ndege usiyoifahamu, usiamue kabla ya sekunde kumi na moja. Katika kitabu cha kanuni, katika lugha zote za Baraza, kipengele hicho kiliandikwa kwa Kiswahili bila kutafsiriwa. *Muda wa Ntundulu.*

Rwegoshora ndiye aliyempigia Kalunde simu kumpa habari.

"Nilikosea," akasema, na baada ya hapo hawakulizungumza tena.

Bi Mensima akatia saini cheti, na uwanja ukafunguliwa siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, kweupe, upepo mwepesi kutoka kusini. Watu walikuwa wameanza kuja tangu alfajiri. Walijaa maegesho yote, wakapanda juu ya mapaa ya mabweni ya zamani ya askari, na ushirika wa akina mama ukapewa safu ya mbele kabisa karibu na njia, wamevaa khanga za sare. Ukutani kwenye ukumbi wa abiria kulikuwa na bamba la shaba lenye majina manne na maelezo ya kilichotokea, kwa maneno ya kawaida ambayo mtoto wa shule ya msingi angeweza kuyasoma. Consolata alisimama hapo muda, kisha akatoka nje na wengine. Maige alikuwa nje ya uzio, upande wa barabara, kwa kuwa mwaka wake ulikuwa haujaisha. Walionana kwa mbali. Hakuna aliyemwendea mwenzake, na Kalunde, aliyekuwa akiwatazama kutoka mnarani, hakuona sababu ya wao kufanya hivyo.

Ndege ya kwanza ilitoka Dakar na watu mia mbili themanini. Ilijitambulisha kutoka mbali, kwa heshima zote.

"Injini mbili, zote nzima," Bawabu akasema. "Upepo mzuri. Njia iko wazi, afande."

Kalunde akabonyeza kitufe. Alikuwa amefanya mazoezi ya maneno hayo miaka saba. "Hapa Ntundulu. Ruhusa ya kutua. Karibuni nyumbani."

Ilionekana kwanza kama punje nyeupe juu ya miyombo, ikakua, ikashusha magurudumu. Tairi zilipogusa lami, moshi kidogo ukaruka, na vigelegele vya akina mama vikapanda hadi mnarani kupitia vioo vilivyofungwa. Kalunde alimtafuta mama yake katikati ya khanga zile, akamwona. Hakuwa anapiga vigelegele. Alikuwa ameinama anaitazama njia pale tairi zilipopita, kama fundi anayekagua kazi yake, kisha akainuka, akamwambia jirani yake jambo, na wote wawili wakacheka.

Milango ikafunguliwa. Mtu wa kwanza kushuka alikuwa bibi mwenye fimbo, aliyesimama kwenye ngazi akatazama msitu pande zote kabla ya kushusha mguu. Kwenye ghala la zamani la baruti vijana wa ushirika walikuwa wameanza kutoa mapipa ya asali kwa safari ya kurudi.

"Shuka ukawaone, mhandisi," mmoja wa waongozaji akamwambia. "Sisi tupo."

Kalunde akavua vipokea sauti masikioni, akaenda hadi mlangoni. Alikuwa ameshakanyaga ngazi ya kwanza Bawabu aliposema:

"Ya pili inaomba njia, afande. Kutoka Mumbai. Injini nne."

Akarudi, akavaa vipokea sauti, akakaa.